Somo: Vipande 48 vya kalenda, na kazi ya kuongoza kikundi

Ndugu wanachama, salaam kutoka Moshi. Wengi mmeniomba niandike lile zoezi la kuunganisha vipande vya picha tulilofanya Kibosho na viongozi wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Tunaishi katika nchi ya ushirika, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa hapa 1933, na bado viongozi wetu wengi wanafundishwa majukumu yao kwa kusomewa katiba kutwa nzima. Mimi naamini mkono unaelewa mapema kuliko sikio.

Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, aliandika mwaka 1916 kwamba kazi za uongozi ni tano: kupanga, kuweka mpangilio, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Zote zimo humu. Usizitaje mpaka watu wamalize kucheza.

Kutengeneza

Tafuta kalenda mbili za ukutani zinazofanana, zenye picha kubwa. Yangu ina kilele cha Kibo na theluji yake, migomba chini, anga pana juu. Moja iache nzima. Nyingine ipunguze ibaki sentimita 40 kwa 30, lakini ukingo mweupe ubaki pande zote. Ibandike kwenye boksi gumu kwa gundi ya mbao na uilaze chini ya mzigo usiku kucha, maana ukikata gundi ikiwa mbichi picha inachanika. Nyuma chora mistari kila sentimita 5, kata kwa kisu kikali na rula ya chuma. Utapata vipande 48, nusu vina ukingo mweupe na nusu havina.

Raundi ya kwanza

Watu sita, kila mmoja vipande nane vilivyochanganywa. Sema tu, "Unganisheni picha," wape dakika kumi. Hakuna kiongozi, picha nzima umeificha. Mara nyingi wawili wenye sauti huvuta vipande vyote kwao, wengine hukunja mikono.

Raundi ya pili

Changanya upya. Teua kiongozi, yeye peke yake aione picha, na kila mtu azungumze naye tu. Mwanzo unapendeza, kisha foleni inaanza. Kibosho nilimtazama mama mmoja aliyeshika kona ya juu kushoto, mkono uko hewani, anangoja zamu ya kusikilizwa. Dakika kumi zikaisha kona ikiwa bado mkononi mwake. Mwaka 1951 Harold Leavitt wa Marekani alipima jambo hili kwa makundi ya watu watano: taarifa zilipopitia kwa mtu mmoja wa katikati makosa yalikuwa machache, ila waliokaa pembeni hawakuifurahia kazi kama waliopashana habari kwa duara.

Raundi ya tatu

Picha iwe mezani, wote waione. Dakika tatu za kupanga, marufuku kugusa kipande. Wewe ficha kimoja mfukoni.

Watagawana: wewe ukingo, wewe migomba, wewe theluji, wewe anga. Hapo tulia utazame vizuri. Vipande nane vya anga si sawa na vipande nane vya migomba, kwa sababu anga yote ni bluu. Wa migomba atamaliza, ataanza kumwambia wa anga aharakishe. Kwenye vikundi vyetu wa anga ni yule anayefuatilia marejesho ya mikopo: idadi ya majina ni ileile, kazi ni mara tatu, na lawama zote ni zake.

Kile kipande cha mfukoni kitawasumbua mwishoni. Waulize nani alihesabu kabla ya kuanza. Halafu muulize mhazini kama huwa anahesabu sanduku kabla ya kikao au baada.

Mazungumzo yachukue nusu saa, na anayeanza kusema awe yule aliyenyamaza muda wote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, raundi ya tatu wameshaizoea picha. Si ndiyo maana wanakwenda haraka?* (Himo)

Ni kweli, dada. Ukiweza tengeneza seti ya pili yenye picha nyingine. Mimi sishindanishi dakika, naandika nani alikaa bila kazi na alikuwa anangoja nini.

*Sisi tuko ishirini, seti ni moja.* (Majengo)

Sita wacheze, waliobaki wawe watazamaji wawili watatu kwa kila mchezaji, wakiwa na karatasi. Waandike alichofanya mtu, si tabia yake.

*Shikamoo mwalimu. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima, hapendi kukosolewa mbele ya watu. Nifanyeje?* (Machame)

Marahaba mwanangu. Usimkosoe. Raundi ya tatu omba akusaidie kwa kuchukua anga, kisha mwache awaeleze wenzake mwenyewe ilikuwaje.