Ndugu yako yuko rimandi, anatumia unga, na tangu utotoni hatulii: anza na ripoti za shule

Mdogo wangu alikamatwa na kete mbili za unga, yaani heroini, akapewa dhamana, kisha akasahau tarehe ya kesi. Hakukimbia. Alikuwa maskani ile ile, mwendo wa dakika kumi kutoka kortini, na karatasi ya tarehe imo mfukoni mwa suruali niliyoifua kwa mikono yangu. Dhamana ikafutwa, akakaa rimandi miezi saba. Haya nimeyajua kwa kwenda na kurudi pale langoni, na nawaandikia walio na ndugu kama yeye.

Kabla ya kutafuta daktari, tafuta ripoti za shule ya msingi. ADHD ni tatizo la akili kushindwa kutulia mahali pamoja na mwili kushindwa kukaa, na daktari hawezi kusema mtu mzima analo mpaka ajue kwamba dalili zilikuwepo kabla hajatimiza miaka 12. Unga, bangi, miraa na muguka vyote vinaweza kumfanya mtu ahangaike, asahau, asilale. Kwa hivyo swali ni kipi kilitangulia. Mama alikuwa ameweka ripoti zetu ndani ya sanduku, chini ya leso zake. Katika ile ya darasa la tatu mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Ana akili, lakini haketi. Hamalizi kazi." Alikuwa na miaka 9. Unga aliuonja akiwa na 17. Karatasi ile ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Ripoti zikikosekana, keti na mama, shangazi, mwalimu wa madrasa, yeyote aliyemlea. Usiandike "alikuwa mtukutu", maana hakuna mtoto asiyeitwa hivyo. Andika tukio. Sisi tuliandika kwamba akitumwa chumvi alirudi na habari za mpira bila chumvi, kwamba alipoteza viatu vya shule mara tatu mwaka mmoja, kwamba alivuka barabara bila kutazama akagongwa na baiskeli, na wiki ya pili akavuka vivyo hivyo. Chini yake andika dawa anazotumia: alianza lini, anavuta au anajidunga, mara ngapi kwa siku. Yote yaenee ukurasa mmoja, kwa sababu mhudumu wa kliniki ya gereza ana foleni. Toa nakala tatu: moja iingie kwenye faili lake kliniki, moja kwa wakili kama mnaye, moja kwa afisa wa probesheni, ambaye korti humwagiza aandike ripoti kabla ya hukumu na ambaye huuliza familia.

Pale tulipoanza, niliambiwa kliniki ya gereza kwamba ugonjwa huo haupo, ni tabia tu. Nikarudi wiki iliyofuata na ukurasa ule ule. Ukiambiwa hivyo, jua kwamba tafiti za nchi mbalimbali zilizojumlishwa mwaka 2015 zilikuta karibu robo ya wafungwa wana ADHD, ilhali kwa watu wazima huku nje ni kama watatu tu katika mia.

Lakini usidai apimwe ADHD wiki ya kwanza. Wiki hiyo ni ya arosto, mateso ya mwili uliokosa unga: miayo, kamasi, jasho, tumbo kukata, usiku bila usingizi. Arosto itibiwe kwanza, na kipimo cha ADHD kingoje mpaka mwili utulie. Kama alikuwa kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, kabla ya kukamatwa, sema siku ile ile: kliniki gani, dozi kiasi gani, alimeza mara ya mwisho lini. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinataka matibabu ya gerezani yalingane na ya nje na yasikatizwe, pamoja na ya uraibu. Nilizitaja kwa adabu na nikasikilizwa.

Daktari wa akili alimwona mwezi wake wa tano rimandi, akathibitisha ni ADHD. Hapo nilitaka vidonge mara moja. Sasa nasema polepole. Methilfenideti, dawa ya ADHD ya jamii ya vichangamshi, iliombewa iingizwe katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, Shirika la Afya Duniani. Maombi yalikataliwa 2019 na tena 2021, kwa hivyo usitarajie kuikuta katika kila hospitali ya umma. Usiipenyeze ndani kwa siri hata kidogo: itaporwa au itauzwa, na yeye ataongezewa kesi. Muulize daktari kuhusu atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD isiyo ya jamii ya vichangamshi. Sweden waliwapa methilfenideti ya kipimo kikubwa wanaume wenye ADHD walioathirika na amfetamini, dawa ya kulevya ya kuchangamsha, wakianza kabla hawajatoka jela, nao wakapunguza kutumia amfetamini. Uingereza walijaribu kwa vijana 200 magerezani kwa wiki nane, wakaona haikuishinda dawa bandia, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Kwa hivyo usiweke matumaini yote kwenye kidonge.

Kilichomsaidia ndani kilikuwa kidogo kidogo. Aliomba kazi ya jikoni, ya kusimama na kubeba, akaacha kugombana. Mwenzake wa seli alikubali kumgusa bega kabla ya kuhesabiwa. Mimi nikifika nilimwambia jambo moja tu, naye alirudia kwa sauti yake kabla sijaondoka. Siku niliyomwambia matano hakukumbuka hata moja, akalia.

Siku ya kutoka, nenda langoni mwenyewe. Mwili umesahau unga. Kiasi kile kile cha zamani kinaua. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliotolewa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine. Kwa hivyo usimpe pesa mkononi, usimwache aanzie maskani. Uliza kliniki kuhusu naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha unga, na mjifunze nyumba nzima kuitumia. Kliniki ya methadoni nendeni siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda kuwaona jamaa.

Tarehe zake zote sasa ziko ukutani kwa mama, kwa maandishi makubwa, na kwenye simu yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nampigia maneno mawili, "Viatu. Twende," na nangoja nisikie mlango ukifungwa ndipo nakata simu.