Somo: Kupima mwendo wa elektroni kwa mipigo ya leza

Ndani ya atomu, elektroni huhama kwa muda unaohesabiwa kwa atosekunde. Gawa sekunde 1 mara bilioni, kisha chukua kipande kimoja ukigawe tena mara bilioni: hiyo ndiyo atosekunde. Hakuna saa ya umeme inayofika huko. Shika jambo hili tangu mwanzo: hapa muda tunaupima kwa umbali.

Hatua ya 1. Washa leza ya femtosekunde (femtosekunde 1 ni atosekunde 1,000). Iliyozoeleka ni ya titani na safaya, yenye mwanga wa infraredi wa nanomita 800. Wimbi lake moja huchukua atosekunde 2,700 hivi, kwa hiyo hata ukiubana mpigo libaki wimbi moja tu, bado ni mrefu mno. Chepusha sehemu ya mwanga huo ipite njia ya pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 2. Sehemu kubwa ilenge kwenye gesi ya agoni au neoni, ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa. Hapa tusipite haraka, maana ndipo penye utamu wote. Uga wa leza, yaani nguvu ya umeme iliyomo ndani ya mwanga wake, unaing'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Uga ukigeuka, elektroni inarushwa kurudi ilikotoka, na ikinaswa tena na atomu yake, nishati iliyoibeba inatoka kama mmweko wa urujuanimno. Kila nusu ya wimbi, mmweko mmoja. Anne L'Huillier na wenzake waliuchunguza mwanga huu Ufaransa mwaka 1987. Mwaka 2001 kundi la Pierre Agostini likapima mfululizo wa mipigo ya atosekunde 250, na kundi la Ferenc Krausz, Vienna, likatenga mpigo mmoja wa atosekunde 650. Watatu hao walipewa Nobel ya Fizikia 2023.

Hatua ya 3. Zuia infraredi iliyobaki kwa utando wa alumini wenye unene wa nanomita mia chache. Uinue mbele ya taa kabla ya kuufunga. Ukiona vinukta vya mwanga, una matundu, weka mwingine. Hewa iondoe polepole, la sivyo utando utachanika.

Hatua ya 4. Kutanisha mipigo miwili kwenye atomu unazozichunguza. Ule mfupi wa urujuanimno unatoa elektroni, wa infraredi uliopita pembeni unaisukuma. Sogeza kioo cha njia ya pembeni nanomita 1: mwanga unakwenda na kurudi, njia inaongezeka nanomita 2, mpigo unachelewa atosekunde 6.7. Pima nishati ya elektroni, sogeza tena, pima tena.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini lazima ombwe?
Hewa humeza urujuanimno huo kabla haujafika popote.

Meza yenyewe inatetemeka. Nanomita 1 unaishikaje?
Swali zuri sana, ndugu. Pitisha leza nyingine dhaifu, isiyokatika, kwenye njia zote mbili. Mianga yake ikikutana inachora michirizi. Michirizi ikihama, kifaa kinakirudisha kioo mahali pake.

Je, elektroni zote hutoka kwenye atomu kwa wakati mmoja?
Hapana. Mwaka 2010 watafiti walipima neoni wakaona elektroni za 2p zikichelewa atosekunde 20 hivi nyuma ya za 2s (2s na 2p ni majina ya sehemu mbili elektroni zinamokaa ndani ya atomu). Hesabu za nadharia zilitoa muda mfupi zaidi, na ubishi ukadumu hadi 2017, kundi la L'Huillier lilipotenganisha nishati kwa makini zaidi. Elektroni za 2s zilikuwa zimechanganyika na nyingine, zilizotoka huku zikiitikisa atomu. Zilipotengwa, kipimo na hesabu vikakubaliana.