Kufufua bodi ya Morris Minor: anza chini, rangi ije mwisho

Morris Minor, gari la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, halina chesisi (fremu ya chini) inayojitegemea kama ile ya Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Vizingiti vya chini ya milango, sakafu, mihimili miwili ya mbele na mhimili unaokingama chini ya viti vya mbele hushikana kama sanduku, na upande mmoja ukioza sanduku zima hulegea. Madigadi yote manne yamefungwa kwa bolti tu, hayabebi kitu. Ndiyo maana gari linaweza kuwa na rangi inayong'aa na madigadi mapya huku tumboni limekwisha. Ukiona pati (lahamu ya kuziba mashimo ya bodi) nene pembeni mwa vizingiti, usinunue kabla hujalala chini yake.

Chukua bisibisi butu, toa mazulia yote, kisha chokonoa. Anza na ncha mbili za mhimili wa kukingama, mahali unapokutana na vizingiti. Hapo ndipo tope hukaa, na kazi ya hapo ndiyo ghali kuliko zote. Endelea kwenye mhimili wa mbele upande wa dereva, maana silinda kuu ya breki imefichwa ndani yake chini ya sakafu, na mafuta ya breki yakivuja hula rangi na kuliacha bati uchi. Nyuma, kagua vishikio vya springi za majani na sakafu ya buti. Mbele, pitisha mkono ndani ya madigadi, juu ya taa na nyuma karibu na bawaba za mlango.

Kipimo kingine hakihitaji kuchokonoa. Funga milango, kisha nyanyua gari kwa jeki upande mmoja ukitazama uwazi kati ya mlango na nguzo ya nyuma yake. Uwazi ukibana au kupanuka, au mlango ukikataa kufunguka, kizingiti cha upande huo hakishiki tena.

Kabla ya cheche yoyote, toa betri, tangi la petroli (limening'inia chini ya sakafu ya buti), mazulia na mikeka ya lami ya kuzuia kelele. Lami hiyo huwaka taratabu, na moto wake huonekana umekwishaenea. Toa pia silinda ya breki na mabomba yaliyo karibu. Weka ndoo ya maji na kizimamoto, na ukimaliza kuchomelea kaa na gari nusu saa nzima kabla hujafunga gereji.

Tosheni ba za mbele, yaani fimbo za chuma zinazosokotwa na kufanya kazi ya springi, zimeshikwa kwenye mhimili uleule wa kukingama. Usikate mhimili huo wakati zimebeba mzigo: zilegeze kwanza, kisha ziwekee alama ya kushoto na kulia. Zikibadilishwa pande zitakatika mapema, kwa sababu chuma chake kimezoea kusokotwa upande mmoja.

Weka gari kwenye stendi nne, juu ya sakafu iliyosawazishwa, stendi zikishika chuma kizima. Pima mshazari wa kila tundu la mlango, pembe hadi pembe, uandike vipimo ukutani. Kisha funga vyuma vya mraba vya milimita 25 kwa ndani, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, ukiviingiza ndani kiasi cha mlango kuweza kufungwa. Watu wengi huvichomelea katikati ya tundu, halafu wanashindwa kujaribisha mlango. Na hapo ndipo mambo yanapoharibika: mlango ndiyo rula yako.

Fanya upande mmoja hadi uishe, ndipo uguse wa pili. Toboa spoti za kiwandani (nukta za kuchomelea zinazoshika mabati) kwa keekee ya milimita 8, achanisha kwa tindo nyembamba, na kata hadi ukutane na bati linalong'aa. Kupachika kiraka juu ya kutu ni kujipa kazi ya miaka miwili ijayo, kwa sababu unyevu hubaki katikati ya mabati mawili. Kwa vizingiti na sakafu tumia bati la milimita 1.2, kwa mihimili milimita 1.6 au 2. Anza na bati la ndani la kizingiti, ncha ya mhimili wa kukingama, kisha ukingo wa sakafu. Bati la nje lishike kwa klampu tu. Rudisha mlango, ufunge, upime mshazari tena. Ukipishana na kile kipimo cha ukutani kwa zaidi ya milimita 2, sogeza jeki hadi urudi. Uwazi wa milimita 4 hadi 5 kuzunguka mlango wote unatosha. Hapo ndipo chomelea la nje.

Mashine ya MIG, ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 inafaa mabati haya. Mahali palipokuwa na spoti, toboa bati la juu matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 3, yajaze kwa kuchomelea. Kwenye maungio marefu, chomelea sentimita 2 huku, hamia mbali, urudi baada ya bati kupoa. Anayeburuta mstari mmoja mrefu hupata bati lenye mawimbi.

Boneti ina ukanda bapa katikati, kumbukumbu ya Alec Issigonis, mbunifu wa gari hili, kulikata gari la majaribio katikati na kulipanua inchi 4. Kingo za ukanda huo zikipinda kidogo tu, jicho litaona kabla ya kitu kingine. Zinyooshe kwa nyundo na doli (kipande cha chuma kinachoshikwa nyuma ya bati), sio kwa pati.

Pati ni ya kusawazisha, isizidi milimita 3. Hadina, dawa ya kuigandisha, iwe asilimia 2 hivi. Ukizidisha, doa lake litapenya hadi kwenye rangi. Piga msasa namba 80, 180, 320, weka praima (rangi ya msingi), kisha msasa wa maji wa 600. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo isugue kwa maji ukivaa barakoa. Rangi ya selulosi hupigwa kwa kuchanganywa nusu kwa nusu na thina, koti 4 hadi 6 nyembamba. Siku ya unyevunyevu, jambo la kawaida Mombasa au Unguja, hufanya ukungu mweupe. Subiri jua au tumia thina inayokauka polepole. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi: inahitajika ile ya kupuliziwa hewa safi.

Mwisho rudisha madigadi, ukiweka utepe mpya kati ya yale ya nyuma na bodi, na grisi kwenye kila bolti. Subiri rangi ikauke vizuri, kisha puliza nta ya majimaji ndani ya vizingiti, mihimili na sehemu za chini za milango. Pitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti, maana nta huyaziba.