Kuhamisha reli ya mezani kutoka HO kwenda N, kwa nyumba za Malindi

HO na N ni vipimo viwili vya treni ndogo za mfano. Meza ya HO ya mita 2.4 kwa 1.2 humaliza chumba kizima. Kwa N, mzunguko uleule unakaa juu ya ubao wa sentimita 80 kwa 200, ukubwa wa mlango. HO ni 1:87, yaani mara 87 ndogo kuliko treni halisi, na reli zake zimeachana milimita 16.5, N ni 1:160, milimita 9. Zidisha vipimo vya mchoro wa zamani kwa 0.54: behewa la sentimita 29 linakuwa karibu 16, kona ya nusu kipenyo cha 46 inakuwa 25.

Lakini usipunguze kila kitu kwa hesabu hiyo. Kona ya 25 ni kali kwa mabehewa marefu, yanagusana na kuruka reli. Ubao wa 80 unaruhusu 28 au hata 31, basi itumie nafasi hiyo. Njia mbili sambamba zipe milimita 33 kati kwa kati, maana vidole vyako havikupungua na behewa likianguka lazima uliokote. Pointi, yaani mahali njia inapogawanyika, isikae mbali zaidi ya sentimita 60 kutoka ukingoni.

Anayetaka kuiga reli kongwe ya Mombasa–Kisumu ajue ile ina upana wa mita moja kati ya reli, ambayo kwa 1:160 ingekuwa milimita 6.25. SGR, yenye milimita 1435, ndiyo inayokubaliana na 9 za N.

Kabla ya kubomoa meza ya HO, piga picha chini ya meza na uzipe nyaya namba. Nyaya na swichi zitatumika tena. Transfoma ipime kwanza kwa kipima volti: nyingine za HO hupita volti 12, na mota ndogo ya N huungua.

Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12, upigwe rangi juu, chini na ukingoni. Ukipaka juu peke yake, masika ikiingia unyevu hupenya chini na ubao hupinda.

Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa. Nunua reli za nikeli-silva. Za chuma hushika kutu, za shaba hufanya utando usiopitisha umeme. Injini ya N ni nyepesi, haikandamizi reli vya kutosha, kwa hiyo uchafu ambao HO ilikuwa inaupita huisimamisha. Futa kwa spiriti na kitambaa, msasa usiguse: mikwaruzo hukamata uchafu zaidi. Viungo vya reli navyo usivitegemee kupitisha umeme. Lehemu waya wa 0.5 mm² kila mita moja, uunge kwenye nyaya kuu za 1.5 mm² chini ya ubao.

Mchanga wa ufuoni unafaa kwa tuta la chini ya reli, ila uoshe mara tatu kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uanike, upitishe kwenye chujio la chai. Kisha funga sumaku kwa plastiki na uipitishe juu yake taratibu. Chembe nyeusi zitaruka na kuganda. Zikibaki, sumaku ya mota itazivuta ndani na zitasaga gia. Kuugandisha mchanga: gundi nyeupe kipimo kimoja, maji viwili, tone la sabuni ya vyombo, dondosha kwa sindano.

Mnazi wa mita 20 uwe sentimita 12.5.

Kabla ya gundi yoyote, pitisha treni yako ndefu kuliko zote kinyumenyume, polepole, kwenye kila pointi. Mchanga ukishaganda pembeni ya ulimi wa pointi, kuurekebisha ni kuung'oa wote.