Jinsi ya kuwavusha kuku wa nyama kwenye joto la Dar

Kuanzia Desemba hadi Machi, wafugaji wa Chanika, Kivule, Mbezi na Kigamboni hunipigia simu na swali lilelile: "Kuku wamekufa mchana, tena wale wakubwa wakubwa. Asubuhi walikuwa wazima. Niwape dawa gani?" Dawa hakuna. Wamekufa kwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo imetoka ndani ya miili yao wenyewe.

Nililijua hilo kwa hasara. Februari moja nilikuwa na kundi la kuku 300, siku ya 33. Mnunuzi wa Shekilango alikuwa anakuja kesho yake, nikawajazia chakula saa 5 asubuhi ili waongeze uzito. Kufika saa 9 alasiri nilishahesabu mizoga 64. Nilipowapasua, magole, yaani mifuko ya chakula shingoni, yalikuwa yamejaa chakula. Kumbe nilikuwa nimewachochea moto mimi mwenyewe.

Jiko lililomo ndani ya kuku

Joto la kawaida la mwili wa kuku mkubwa ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Likifika 46 au 47, anakufa. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyonayo, nyuzi tano tu. Hana tezi za jasho hata moja, na amevikwa manyoya mwili mzima.

Chakula anachokula huunguzwa ndani ya chembe za mwili kwa msaada wa oksijeni ili kumpa nguvu. Kama ilivyo kwa jiko lolote, si nguvu yote inayofanya kazi. Nyingine inatoka kama joto. Kuku wa kilo mbili hutoa zaidi ya wati 10. Piga hesabu ya kuku 500: ni zaidi ya wati 5,000, sawa na pasi tano za umeme zilizoachwa zinawaka bandani usiku na mchana. Kuku wa kienyeji anakula kidogo na kukua polepole, kwa hiyo jiko lake ni dogo. Huyu wa nyama amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili ale sana na akue upesi, na moto wake ni mkubwa tangu asubuhi.

Hewa ikiwa ya baridi, joto hilo hupotea lenyewe kupitia ngozi, miguu, kishungi na undu. Hewa ikifika nyuzi 32 au 33 mlango huo unakuwa mwembamba. Anabaki na mlango mmoja: kutweta, yaani kuhema mdomo wazi ili maji yageuke mvuke kwenye koo na mapafu. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kupunguza moto wa ndani na kuuacha mlango huo wazi.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi

Kipimajoto cha ukutani ni kizuri, lakini kuku ndiye anayekwambia ukweli. Simama kimya, chagua kuku aliyetulia, hesabu pumzi kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Aliyestarehe hazidishi sana 40 kwa dakika. Anayetweta huvuka 150, na wengine hufika 200. Angalia pia mabawa yaliyoachanishwa na mwili na shingo iliyonyooshwa. Fanya hivyo saa 4 asubuhi kila siku ya joto. Ukikuta robo ya banda inatweta saa hiyo, jua mchana utakuwa mgumu.

Hatua ya 2: Ondoa chakula kabla jua halijakolea

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Kusaga, kumeng'enya na kusafirisha chakula mwilini ni kazi, na kazi hiyo huzalisha joto lake, ambalo hupanda saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyeshiba saa 5 asubuhi anafikia kilele cha joto la mmeng'enyo alasiri, wakati ambapo na jua la Dar limefika kileleni. Mioto miwili inakutana, naye hana pa kuitolea.

Kwa kuku waliozidi wiki tatu, nyanyua vyombo vya chakula saa 3 asubuhi na uvirudishe saa 11 jioni. Usiku washie taa wale hadi asubuhi. Wengi huniambia, "Lakini uzito utapungua!" Mchana wa joto kuku hali vizuri hata ukimwekea. Homoni za tezi ya shingo zinazoongeza kasi ya umetaboli, yaani kasi ya mwili kuunguza chakula, hushuka kwenye joto, na hamu ya kula hushuka nazo. Usiku hali inakuwa nafuu, anafidia. Kinachopotea ni kidogo kuliko mizoga 64.

Kuna hatari moja: jioni wana njaa, wanagombania chakula, wanapandana na kuchubuana. Ongeza vyombo ili wote wale kwa pamoja. Na vifaranga usiwanyime chakula kwa namna hii. Wao bado wanahitaji joto.

Kuhusu aina ya chakula, nimeona wengi wakiongeza mashudu na dagaa mwishoni ili "wanenepe haraka". Protini ndiyo inayozalisha joto jingi kuliko virutubisho vingine inapomeng'enywa, na mafuta ndiyo yanayozalisha kidogo. Ukirundika protini kipindi cha joto, ile inayozidi mahitaji huvunjwavunjwa, nitrojeni yake hutolewa na figo kwa gharama ya nguvu na maji, na joto linaongezeka. Baki na chakula cha kumalizia chenye uwiano sahihi.

Hatua ya 3: Maji

Siku ya kawaida kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula alichokula. Kwenye joto kali hufika mara nne au zaidi. Kwa hiyo vyombo vilivyotosha mwezi wa saba havitatosha mwezi wa pili. Ongeza.

Sasa nenda kashike bomba lako. Kama tangi jeusi liko juani na mpira umelala juu ya ardhi tupu, maji yanayofika bandani saa 8 mchana ni ya moto, na kuku atayakataa wakati anapoyahitaji kuliko wakati wowote. Lijengee tangi kivuli cha makuti, fukia bomba, na mchana mwaga maji yaliyokaa njiani. Barafu ya mafuko kutoka kwa jirani mwenye friji inasaidia sana kwa kundi dogo.

Kutweta kuna gharama yake. Kaboni dioksidi inatoka kupita kiasi, damu inaelekea upande wa alkali, na figo zinapojaribu kurekebisha zinapoteza potasiamu na chumvi nyingine kwenye mkojo. (Wenye kuku wa mayai, maganda yenu huwa mepesi miezi hii kwa sababu hiyohiyo: malighafi ya ganda imepeperuka na pumzi.) Ndiyo maana elektrolaiti (chumvi za kuchanganya kwenye maji ya kunywa) na vitamini C zina maana, lakini zitolewe asubuhi mapema, kabla joto halijaanza, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kuku hujitengenezea vitamini C mwenyewe kwenye figo, ila wakati wa msongo haimtoshi. Kumpa saa 9 alasiri aliyekwisha kulala ubavu ni kupoteza hela.

Hatua ya 4: Upepo kwanza, kunyunyiza baadaye

Miezi ya joto ndiyo miezi ya kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki. Banda ambalo urefu wake unalala mashariki na magharibi linaupokea upepo huo ubavuni na kulikwepa jua la asubuhi na la jioni. Upana usizidi mita 9, la sivyo kuku wa katikati hawapati hewa. Kama banda limeshajengwa vibaya, kunja mapazia yote, ng'oa vichaka vinavyoziba, weka makuti au majani juu ya bati.

Punguza idadi pia. Kwa kawaida watu huweka kuku 10 kwa mita moja ya mraba. Kipindi cha kaskazi mimi naweka 8. Na maranda yasiwe mazito, kwa sababu maranda mazito yenye unyevu huchacha, na kuchacha ni joto jingine pamoja na amonia inayowaunguza njia za hewa wanazozitegemea kupumulia.

Kuhusu kunyunyiza maji hewani, wafugaji wa Dodoma wanafanya na wanafaulu, kwa kuwa hewa yao ni kavu. Yetu imeshabeba unyevu wa bahari. Ukiongeza ukungu ndani ya banda lisilo na upepo, mvuke wa kwenye koo la kuku haupati pa kwenda, na umeuziba mlango wake wa mwisho. Nyunyiza juu ya bati upendavyo. Ndani, nyunyiza tu kama upepo unapita au feni inazunguka.

Hatua ya 5: Kati ya saa 7 mchana na saa 10 alasiri

Hapa tulia, na banda litulie. Kuku akishtuka, ubongo hutuma amri kwa tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini papo hapo, kisha kotikosteroni, homoni ya msongo. Sukari inapanda, moyo unakimbia, misuli inawaka. Joto linaongezeka kwa mnyama asiye na pa kulipeleka. Kwa hiyo saa hizo usichanje, usipime uzito, usiruhusu watoto wala mbwa.

Jambo moja tu linaruhusiwa. Pita katikati yao taratibu kila baada ya nusu saa ili waliolala wasimame. Kuku aliyelala amefungia joto kati ya kifua na maranda. Akisimama, hewa inapita chini yake.

Hatua ya 6: Siku zinazofuata

Msongo una mkia mrefu. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, aliandika kuwa panya walioteswa kwa baridi, majeraha au sumu walionyesha dalili zilezile: tezi za juu ya figo zilikua, tezi ya thaimasi ikasinyaa. Kwa kuku ni hivyohivyo, na mfuko wa Fabricius, unaolea chembe za kinga, nao hunywea. Kotikosteroni ikikaa juu kwa siku nyingi inavunja protini ya misuli kuwa sukari na kushusha kinga. Hapo ndipo ugonjwa wa kideri hupata mwanya.

Jifunze kutofautisha. Vifo vya joto hutokea alasiri, huchukua wakubwa wenye afya, na usiku ukipoa husimama. Kama wanaendelea kufa alfajiri, wanaharisha kijani au shingo zinapinda, hilo si joto. Mwite afisa mifugo, au peleka mizoga mibichi kwenye maabara ya veterinari Temeke siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Safari ya sokoni

Pakia saa 9 au 10 usiku. Ondoa chakula kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla ya kuchinjwa, ila maji yabaki hadi dakika ya kupakia. Zima taa unapowakamata, wasikimbizane. Kuku aliyehangaika kabla ya kisu hutumia akiba ya sukari ya misuli na kuigeuza asidi, na nyama inatoka nyeupe, laini na inayotiririsha maji. Mama ntilie anayejua kazi yake atakurudishia.

Kila tenga lipunguze kuku wawili watatu, na kati ya tenga na tenga acha upenyo wa hewa. Kirikuu kikikwama kwenye foleni ya Ubungo baada ya jua kuchomoza, matenga ya katikati ndiyo yanayokufa kwanza, hivyo anza kuyashusha hayo ukifika, uyaweke kivulini, ndipo mpatane bei.