Kundi lenu la stori za gemu lisiwafie mikononi

Watu wanacheza gemu pamoja kwa maandishi matupu angalau tangu MUD, gemu ya kompyuta ya wachezaji wengi ya Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, na kila kundi la hivi, yaani kila mtu ana mhusika wake na mnaandika stori moja pamoja, hubadilika mtake msitake. Mwanzoni mko wachache, mnajuana, mmoja anatupia aya mbili mwingine anadakia, sheria za nini. Hapo fanyeni kitu kimoja tu, mtu aandike pembeni nani ni nani, mji upi umechomwa, nani kafa. Inaboa, najua, ila ugomvi mwingi baadaye unaanzia kwenye "huyu si alishakufa?"

Wageni wakianza kuingia ndo kazi yenyewe. Mgeni hawezi kusoma stori ya miaka mitatu ndo aanze kucheza, atasepa. Mpe muhtasari mfupi na pa kuanzia, labda kijiji kipya mbali na vita vya wakongwe, halafu mkongwe mmoja amfuate hukohuko wacheze wote, maana wakongwe wakiachiwa wanachezaga wao kwa wao tu. Sheria ziwe chache: usimwendeshe mhusika wa mwenzako, usitengeneze asiyepigika (kila kundi lina huyu mtu, anakwepa mpaka radi), na ukiongea kama wewe mwenyewe weka mabano, matusi ya jambazi wa kwenye stori yasije yakahesabiwa yako.

Halafu kuna kuhama. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilipofungwa Aprili 2019 wacheza gemu za kuigiza kibao walitawanyika, wengine wakaenda Discord, app ya kuchati kwa makundi, na stori nyingi zikabaki kule kule. Kwenye chati stori inakimbia, raha, ila ya juzi ishazama huioni tena, kwa hiyo kila sura ikiisha nakilini kwenye faili, wawe nayo watu wawili watatu, na wenye maandishi waulizwe kwanza. Uadmini nao msimwachie mmoja, akipotea na paswedi ndo basi.

Stori kuu ikipoa msiibembeleze. Andikeni mwisho wake hata kama ni mfupi, kisha rukeni miaka mia mbele, mashujaa wa zamani wawe watu wanaosimuliwa tu. Mhusika wa aliyeacha kuandika msimuue, mpelekeni safari ya mbali, mwenyewe mitihani ikiisha anaweza akarudi akakuta nafasi yake.