Jinsi ya kukamata bagi za KVM kwenye keneli ya Linux ukiwa na laptop moja tu

Habari zenu wadau wa Arusha na Moshi. KVM ni sehemu ya keneli inayoendesha VM, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi. Hii naiandikia yule ambaye C anaijua kidogo, keneli ameshawahi kuikompaili hata mara moja, na sasa VM yake inaganda au hosti (mashine inayobeba VM) inamwaga maandishi ya ajabu kwenye dmesg (kumbukumbu za keneli) na anataka aingie mwenyewe ndani kurekebisha badala ya kukaa anasubiri apdeti. Nitaongelea Intel maana laptop nyingi za used mjini hapa ni Intel, mwenye AMD aweke kvm_amd kila nilipoandika kvm_intel, mengi yanabaki vilevile.

Kodi ya KVM imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Ile ya pamoja iko kwenye virt/kvm, ya x86 iko arch/x86/kvm, na humo utakuta folda ya vmx kwa ajili ya Intel, svm ya AMD, na mmu inayoshughulika na kurasa za memori. Ila usiyafungue hayo mafaili saa hizi. Faili la mmu.c peke yake lina maelfu ya mistari, ukianza kusoma bila kujua unatafuta nini utaamka asubuhi hujui hata uliingilia mlango gani.

Kwanza jua nani mkosaji. VM ikiharibika washukiwa ni wanne: mfumo uliomo ndani ya VM, QEMU (programu inayoiunda VM na vifaa vyake), KVM yenyewe, au prosesa na BIOS yake, na nikisema ukweli kesi nyingi ambazo watu wanaisingizia KVM ukichimba unakuta ni QEMU au ni mipangilio tu. Endesha VM ileile kwa `-accel tcg`, hapo QEMU inaigiza prosesa yenyewe na KVM haihusiki kabisa. Itakuwa taratibu mno lakini vumilia. Kama tatizo bado lipo, KVM haina hatia, tafuta kwingine. Kama limepotea basi harufu inatokea KVM, ingawa bado sio ushahidi kamili, maana bagi zingine zinajificha tu kwa sababu mwendo umepungua.

Sasa maabara. Kujaribu keneli mbovu kwenye laptop hiyohiyo unayofanyia kazi ni kujitafutia balaa, kwa hiyo tunaweka VM ndani ya VM: laptop inabaki na keneli yake nzima, VM ya kwanza ndiyo inabeba keneli unayoichokonoa, na ndani yake kuna kaVM kadogo ka kuichochea bagi. Angalia kama inawezekana:

`cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested`

Ikijibu Y uko sawa, ikijibu N toa moduli uirudishe na `nested=1`. Kama hata /dev/kvm haipo ingia BIOS, laptop za mtumba nyingi zinakuja VT-x (uwezo wa prosesa ya Intel kubeba VM) imezimwa. VM ya kwanza iwashe kwa `-cpu host`, ongeza `-nographic`, na kwenye mstari wa kubuti wa keneli weka `console=ttyS0 nokaslr` ili keneli ikianguka maneno yake ya mwisho yabaki kwenye terminali yako, usije ukaanza kupiga picha skrini kwa simu. RAM ya GB 16 ndiyo raha, GB 8 inawezekana kwa kubanabana. Halafu fanya kazi juu ya snapshot ya qcow2 (hali ya diski ya VM iliyohifadhiwa, unaweza kuirudia), huku kwetu umeme haukuagi ukiondoka na diski iliyokatwa katikati ya kuandika itakupotezea siku nzima.

Kuhusu bando: historia nzima ya keneli ni gigabaiti kadhaa, ila usidanganyike na `--depth 1` (inaleta komiti ya mwisho tu) maana mbele tutahitaji historia. Tumia `git clone --filter=blob:none`, inaleta komiti zote na mafaili inayachukua pale yanapohitajika, ukipata bando la usiku basi ndio wakati wake.

Unapokompaili weka KVM kama moduli, ili ukibadilisha mstari mmoja ukompaili folda hiyo tu kwa `make M=arch/x86/kvm` bila kuanza upya. Washa CONFIG_DEBUG_INFO, CONFIG_PROVE_LOCKING (inakagua matumizi ya kufuli) na CONFIG_KASAN. Hiyo ya mwisho inakula sehemu moja ya nane ya RAM na inafanya kila kitu kijikokote, lakini mtu akigusa memori iliyokwisha kuachiliwa inakuambia palepale nani kagusa, nani aliiomba, na nani aliiachilia. Bila hiyo utaona tu keneli inaangukia sehemu isiyohusiana kabisa na kosa. Na ripoti zikiwa nyingi soma ya kwanza tu, zinazofuata mara nyingi ni majeraha ya ile ya kwanza. Ipitishe kwenye `scripts/decode_stacktrace.sh` pamoja na vmlinux (faili la keneli uliyoikompaili), inageuza zile namba kuwa jina la faili na mstari.

Sasa utamu wenyewe. KVM maisha yake yote ni kuingia na kutoka: inamwachia prosesa aendeshe VM, kikitokea kitu prosesa anarudi na sababu, KVM inashughulikia, inaingia tena. Bagi karibu zote utazikuta kwenye huo mpaka, kwa hiyo sikiliza mpakani:

`trace-cmd record -e kvm`

Kuna dogo mmoja wa Moshi, maeneo ya Rau, alinitumia meseji, "Shikamoo kaka, VM yangu inaganda nikiihamisha kwenda mashine nyingine, kor moja inakaa asilimia 100 haishuki." Nikamjibu marahaba, nitumie tresi (rekodi hiyo ya trace-cmd) usinitumie picha. Tresi ilikuwa kvm_exit moja inajirudia bila mwisho, EPT_VIOLATION (VM imegusa memori kinyume na ruhusa za jedwali la kurasa), rip ileile (anwani ya agizo linaloendeshwa), na info1 (maelezo ya kosa) ni 0x1aa. Hiyo namba ivunje biti kwa biti, ukihesabu kuanzia sifuri kutoka kulia. Biti ya 1 imewaka, maana yake VM ilikuwa inajaribu kuandika. Biti ya 3 na ya 5 zimewaka, yaani ukurasa unasomeka na unaendesheka, lakini ya 4 imezima, hauandikiki. Kwa hiyo ukurasa upo, ila umefungwa usiandikwe, na ndivyo KVM inavyoweza kufanya wakati wa kuhamisha VM ili ijue kurasa zipi zimechafuka, yaani zimeandikwa. Hapo hapo umeshapunguza maelfu ya mistari ukabaki na swali moja: kwa nini anayeshughulikia kosa la ukurasa anaamini ameshafungua ruhusa ya kuandika wakati prosesa anaona bado imefungwa? Unaenda moja kwa moja kwenye kodi ya dirty logging (kurekodi kurasa zilizochafuka) na ya kufuta TLB (akiba ya prosesa ya ramani za kurasa), na kabla ya kugusa chochote unaendesha `dirty_log_test` iliyomo tools/testing/selftests/kvm uone kama inaanguka nayo.

Ukikutana na "KVM: entry failed, hardware error 0x80000021" usitishike, 0x21 ni 33, prosesa amekataa kuingia kwa sababu hali ya VM uliyomjazia kwenye VMCS (sehemu ya memori inayomweleza prosesa hali ya VM) haikubaliki. Pakia kvm_intel ukiwa na `dump_invalid_vmcs=1`, rudia kosa, VMCS nzima itamwagika kwenye dmesg, kaa na kitabu cha Intel ukilinganisha rejista moja moja. Kazi ya kuchosha, hakuna njia ya mkato.

Aina nyingine ni za nyuzi mbili kugombania kitu kimoja, na hizi tresi haisaidii sana. Mfano mzuri wa kujifunzia ni CVE-2019-6974 (CVE ni namba ya utambulisho ya kosa la usalama). Kwenye kvm_ioctl_create_device keneli ilikuwa inaunda fd (namba ambayo programu inatumia kushika kitu kilichofunguliwa) na kuikabidhi kwa programu, ndipo baadaye inaongeza hesabu ya wanaoitumia ile VM kwa kvm_get_kvm. Ni kama kumpa mpangaji funguo kabla hujamwandika kwenye daftari. Uzi wa pili ulikuwa unaweza kubahatisha namba ya fd na kuifunga katikati hapo, hesabu inashuka kabla haijapanda, VM inaachiliwa huku bado inatumika. Dawa yake ilikuwa kuipeleka kvm_get_kvm juu, kabla ya anon_inode_getfd, na kama fd imeshindikana unarudisha kwa kvm_put_kvm. Mistari michache sana. Ukisoma kodi ya KVM jizoeze kuuliza kila sehemu inapokabidhi kitu kwa programu: je, kuna kazi imebaki baada ya kukabidhi?

Kama tatizo halikuwepo toleo la nyuma, acha kuumiza kichwa, tumia bisect (git inagawa komiti nusu kwa nusu hadi ibaki iliyoleta kosa). Kati ya v6.6 na v6.7 komiti zote zingekupa hatua kama 14, ukibana kwa folda zinapungua sana:

`git bisect start v6.7 v6.6 -- arch/x86/kvm virt/kvm`

Andika skripti inayokompaili, kubuti na kuendesha jaribio moja la kvm-unit-tests (mkusanyiko wa majaribio ya KVM), mpe `git bisect run` ukalale. Komiti isiyokompailika skripti irudishe 125 ili irukwe. Angalizo tu, ukibana hivyo na mkosaji yuko nje ya hizo folda, bisect itakutajia mtu asiyehusika, kwa hiyo komiti iliyotajwa iondoe kwa git revert uone kama kweli bagi inapotea.

Pachi (marekebisho unayotuma) yenyewe iwe fupi kuliko unavyotamani, usichanganye kurekebisha na kupamba. Kama unaweza ongeza na jaribio linaloanguka bila pachi na kupita ikiwepo, binafsi pachi isiyo na jaribio naiona nusu. Kichwa kianze na eneo lake, mfano "KVM: x86/mmu:" au "KVM: nVMX:", chini eleza VM ilikuwa inafanya nini na kwa nini kodi ilikosea, weka Fixes: na herufi 12 za mwanzo za komiti iliyoleta kosa, Signed-off-by yako, na Cc: stable kama inawagusa watu wa matoleo ya zamani. Pitisha kwenye checkpatch.pl, waulize get_maintainer.pl nani wa kutumiwa, tuma kwa `git send-email`. Wakijibu kwa ukali kidogo usinune, jibu hoja, rekebisha, tuma v2 na uandike chini ya vile vistari vitatu (---) nini kimebadilika tangu v1.